Mawe ya Bibi Namweta

Kisa kimefika mlangoni!

Mnatakiwa mjibu: Kikaribie, kikae! Mbona mnajibu kama watu walioamshwa kwa nguvu? Tena. Kisa kimefika mlangoni!

Naam, sasa hata mbuzi wamesikia. Endeleeni kupukuchua mahindi, mikono na masikio vifanye kazi pamoja, na atakayemrushia mwenzake gunzi atakwenda kupukuchua nje kwenye mvua.

Zamani. Nikisema zamani sisemi wakati wa ujana wangu, msinichekee. Nasema zamani ile ambayo bibi yangu aliambiwa na bibi yake, naye akaapa kwamba hata yeye hakuwapo. Wakati huo milima yetu hii ya Upare ilikuwa na misitu mizito, na katikati ya milima kulikuwa na bonde liitwalo Kirindwe. Msilitafute, hamtaliona. Juu kabisa palikuwa na msitu. Chini ya msitu, mto. Chini ya mto, mashamba na nyumba. Chini ya nyumba, jabali limesimama wima, na chini ya jabali ndipo nyika ilipoanza, yenye joto na mavumbi na nyati.

Watu wa Kirindwe waliishi kwa mfereji. Maji yalitoka mtoni, yakafuata mfereji ubavuni mwa mlima, yakaingia ndivani. Ndiva mnaijua, ni lile bwawa la kukusanyia maji. Linazibwa jioni, linafunguliwa asubuhi, na kila mtu anamwagilia shamba lake kwa zamu yake.

Sasa huko Kirindwe alikuwapo mwanamke mmoja, Nambike. Msidhani ni kasichana. Alikuwa mtu mzima, mjane, ana mvi tatu na zote anazijua. Aliishi na mama yake, Nakiete, ambaye miguu ilikuwa imekufa ganzi siku nyingi, hatembei, anakaa mlangoni kutwa akisuka mikeka na kuwasema wapita njia. Na huyu Nambike, wajukuu zangu, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Kwa nini mbega hawavuki mto? Kwa nini ukungu unapanda asubuhi na kushuka jioni, mbona hauchoki? Kwa nini jogoo wa Mzee Senkondo anawika mchana? Watu wakimwona anakuja walikata kona. Si kwamba walimchukia. Walikuwa na haraka, na Nambike hakuwahi kuuliza swali moja akaridhika.

Basi ukaja mwaka ambao maji ya mfereji yalipungua. Mwaka uliofuata yakapungua zaidi. Mwaka wa tatu ndiva ikakauka mpaka watoto wakawa wanacheza ndani yake. Na ajabu ni hii: mvua ilinyesha! Masika ilikuja kwa wakati wake, vuli ikaja kwa wakati wake. Lakini mvua ikiisha, mto nao unaisha, na mahindi yananyauka kabla hayajabeba.

Watu wakaingiwa na hofu. Na walipoingiwa na hofu, walifanya lile walilofundishwa na wazee wao. Walikwenda kwa Bibi Namweta.

Nani anauliza Bibi Namweta ni nani? Wewe? Vizuri, umeuliza, ungekuwa Kirindwe wangekukatia kona. Bibi Namweta ndiye aliyeligundua bonde lile, wa kwanza kabisa, na ndiye aliyeyaona maji. Kule juu, kwenye shingo ya mlima, pale mlima unapoinama kidogo kabla ya kupanda tena, palikuwa na rundo kubwa la mawe, na mto ulitokea chini ya rundo lile. Watu walisema: hili ni kaburi la Bibi Namweta, na maji haya anatupa yeye. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya kupanda, kila mtu aliokota jiwe shambani kwake, akalibeba kwa njia ipitayo mgongoni mwa mlima, anaimba, macho chini. Akifika analiweka juu ya rundo, anamsalimu Bibi, anageuka na kushuka bila kutazama nyuma. Hakuna aliyethubutu kupita nyuma ya rundo.

Mwaka wa kwanza maji yalipopungua, Mzee Senkondo, mkuu wa mfereji, alisema, "Bibi amekasirika. Kila mtu abebe mawe mawili." Wakabeba mawili. Mwaka wa pili akasema, "Mawe matatu." Wakabeba matatu. Mwaka wa tatu akasema, "Mawe matano, na wazee wabebewe na wajukuu wao." Wakabeba matano, migongo ikauma, shingo zikauma. Na maji je? Maji yakakauka kabisa.

Ndipo Senkondo alipoita mkutano pale ndivani, akasimama juu ya ukingo, akasema kwa uchungu, maana hakuwa mtu mbaya:

"Ndugu zangu, Bibi ametukataa. Mwezi ukiandama tunahama. Tunashuka jabali, tunakwenda nyikani kutafuta pa kuishi. Zimebaki siku tisa."

"Na wasioweza kutembea?" Nambike akauliza.

Kila mtu aliijua ile njia ya jabalini. Mtu hushuka kwa kukumbatia mwamba, vidole vya miguu vinatafuta mahali pa kukanyaga. Huwezi kumbeba mtu pale. Hata mbuzi alifungwa kamba akateremshwa taratibu, na mbuzi wawili katika watatu walikufa.

Akajibu Nakiete mwenyewe, kutoka mlangoni kwake, maana nyumba yake ilipakana na ndiva. "Msimjibu huyo mtoto. Mimi nabaki kulinda nyumba. Mtu mmoja hahitaji maji mengi."

Nambike alirudi nyumbani akalia, tena alilia kwa sauti, hakujificha. Akamwambia mama yake, "Ukibaki, nabaki." Mama yake akamwambia, "Ukibaki, nitakufukuza kwa mkeka." Wakakaa wamenuniana mpaka jioni. Na asubuhi Nambike akaenda kwa Senkondo.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Kama ni swali, sina jibu."

"Si swali. Nataka kupanda mlimani nikaone maji yanakwenda wapi."

"Yamekauka. Kitu kilichokauka hakiendi popote."

"Mvua inanyesha, mzee. Ile mvua inayoangukia mlimani inaingia wapi?"

Senkondo akakuna kidevu. Akakuna tena. "Unaona? Hilo ni swali," akasema. Lakini halikumtoka kichwani, kwa hiyo akamruhusu, shingo upande. "Siku tatu tu. Na uende na Sangiwa, akuzuie usifanye upuuzi."

Sangiwa alikuwa mrina asali. Aliijua misitu yote, lakini maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Mtu aliyezoea kuishi na nyuki hujifunza kunyamaza. Fikirini basi, huyo ndiye aliyepewa kwenda njia moja na Nambike!

Hawakufuata njia ya mgongoni. Nambike alikataa. Alisema maji hayapiti mgongoni, maji yanapita bondeni, na anayetafuta maji afuate bonde. Wakapanda kando ya mto mkavu. Wakapita mikuyu iliyoanza kupukutisha majani, wakaingia msituni, na msitu ulikuwa mbichi, unanuka majani mabichi na udongo wa mvua. Mbega wakawatazama kutoka juu, mikia myeupe inaning'inia. Nambike anatembea, anasimama, anagusa, anainama, anatembea tena. Anatembea, anasimama, anagusa, anainama. Sangiwa anangoja, anahema.

Wakafika mahali penye vifusi vyeusi, vizito, vyenye matundu.

"Hivi ni nini?"

"Mavi ya chuma," akasema Sangiwa. "Wahunzi wa zamani waliyeyusha chuma hapa."

"Kwa nini hapa?"

"Ndivyo ilivyo."

"Lakini mhunzi anahitaji maji. Ya kufinyangia tanuri, ya kupozea chuma, ya kunywa, maana moto ule unakausha koo. Maji yako wapi?"

Sangiwa akaonyesha kwa kidole. Palikuwa na kijito, kikavu, kimeota miti ndani yake. Na miti ile ilikuwa minene, haikuota jana wala juzi. Nambike akaukumbatia mmoja na mikono yake haikukutana.

"Sangiwa, hiki kijito kilikauka kabla sijazaliwa. Kabla mama yangu hajazaliwa. Basi maji yetu hayakuanza kupungua miaka mitatu iliyopita. Yanapungua tangu zamani, kidogo kidogo."

"Hm," akasema Sangiwa, na kwa Sangiwa hayo yalikuwa maneno mengi.

Wakapanda tena. Jua lilipoanza kuinama wakafika kwenye mahame. Mahame ni mahali palipokuwa na kijiji, watu wakaondoka. Hayo yalikuwa mahame ya watu wa kwanza wa Kirindwe, waliokaa huko juu kabla ya kushuka mashambani. Nyumba zilikwisha oza siku nyingi, lakini ukuta ulikuwapo bado, ukuta wa mawe, mrefu, unazunguka, umeota kuvu na maua madogo. Sangiwa akakoka moto, wakachoma mihogo, wakala. Lakini Nambike alikula amesimama. Alikuwa anaupapasa ule ukuta.

"Sangiwa, okota jiwe lolote hapo ulipokaa."

"Kwa nini?" Aha! Mnasikia? Siku moja tu njiani na mgonjwa, naye ameambukizwa.

Akaokota. Lilikuwa jiwe la mlimani, jekundu, lenye ncha kali.

"Sasa njoo ushike haya ya ukutani."

Mawe ya ukutani yalikuwa ya mviringo, laini, yanateleza mkononi. Yote, kutoka chini mpaka juu.

"Haya ni mawe ya majini," akasema Nambike. "Jiwe haliwi laini hivi mpaka maji yalisugue. Na mto haupiti hapa. Kuna mtu aliyabeba. Kuna watu wengi waliyabeba, moja moja, miaka na miaka. Kutoka wapi?"

Sangiwa akatafuna muhogo wake, akaumeza. Akatazama juu, kwenye shingo ya mlima. "Mawe ya namna hii yako mahali pamoja tu," akasema polepole. "Kwa Bibi Namweta. Chini kabisa ya rundo, pembeni, nimeyaona yamechungulia."

Wakatazamana. Sisi, Nambike akawaza, tunabeba mawe kupanda. Na hawa walibeba mawe kushuka.

Asubuhi walifika kwenye rundo. Lilikuwa kubwa kuliko nyumba hii, mawe makali mekundu ya mashambani yamepangwa juu ya mengine, na juu kabisa yale matano matano ya mwaka ule, bado yana udongo. Chini yake, upande wa bonde, palikuwa na unyevu tu, kama jasho. Nambike akapiga magoti, akalaza sikio juu ya mawe. Akasikia. Ndani kabisa, mbali, kitu kinanguruma.

Akasimama, akaanza kuzunguka kwenda nyuma ya rundo.

"Hapo hapapitwi!" Sangiwa akapiga kelele.

"Nani alikuambia?"

"Baba yangu!"

"Na yeye?"

"Baba yake! Nambike, rudi!"

Nambike hakurudi. Msidhani hakuogopa, aliogopa sana. Lakini alimwona mama yake akilini, amekaa mlangoni peke yake na kijiji kimekwenda, akapiga moyo konde akapita. Na nyuma ya rundo akakuta nini? Semeni! Siyo nyoka. Siyo joka pia, mnapenda majoka ninyi. Alikuta bwawa. Maji meusi, yametulia, yamejaa majani yaliyooza, yameinuka mpaka kifuani mwa rundo. Na kwenye ukingo wa upande wa pili maji yalikuwa yamepata upenyo, yanamwagika kwa furaha kuelekea nyika ya upande mwingine wa mlima, ambako hakuna mtu hata mmoja. Kule chini palikuwa kijani, matete yamejaa, na nyani wamekaa ukingoni wanaoga.

"Sangiwa! Njoo uone! Tumehamisha mto, tumewapa nyani!"

Sangiwa akaja, amefumba jicho moja. Akaona. Akafumbua la pili.

Walishuka mlima siku ile ile, na jioni watu wote walikuwa ndivani. Nambike akaeleza: kijito cha wahunzi, ukuta wa mahame, bwawa, nyani. Akasema, "Chini ya lile rundo kuna jicho la maji. Kila masika maji hutapika mawe, na mawe yakikaa pale yanaziba. Wazee wa kwanza waliyaondoa, kila mtu jiwe lake, wakashuka nayo wakajengea. Baadaye watu wakahamia huku chini. Wakakumbuka kwamba kila mwaka mtu anapanda kwa Bibi Namweta, na kwamba kuna jiwe. Wakasahau jiwe linakwenda upande gani."

Senkondo akawaka.

"Unataka tubomoe kaburi?"

"Nani alimzika pale, mzee?"

"Wazee."

"Wazee gani?"

"Nambike! Nimebeba mawe mlima ule miaka hamsini! Baba yangu alifia njiani na jiwe begani! Unaniambia tulikuwa tunafanya nini?"

Na kwa hilo Nambike, mwenye maneno yote, jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa chungu mno kumpa mzee mbele za watu.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni kwa Nakiete. "Senkondo! Mimi nilikubeba mgongoni ulipokuwa hujui kupenga kamasi. Nisikilize. Mwezi ukiandama mnahama, sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Mnaniacha hapa na Bibi Namweta, wawili tu."

Senkondo akamsogelea pale mlangoni.

"Basi yatoeni mawe. Kama ni kaburi, Bibi akiamka na hasira atanikuta mimi, ninyi mtakuwa mmeshakwenda zenu. Mnaogopa nini? Mnayemwogopea ni mimi, na mimi nimekubali."

Jibu la hapo litafuteni ninyi, hamtalipata.

Kesho yake wakapanda wote. Walipofika hakuna aliyetaka kuanza. Wakasimama wanasukumana kwa viwiko. Mwishowe Senkondo akasogea, akachukua jiwe la juu kabisa, akalitambua, lilikuwa lake. Akalikumbatia kifuani, akalipeleka kando, akalitua. Kisha akarudi kuchukua jingine. Hapo watu wakajipanga mstari, na mawe yakaanza kupita, mkono kwa mkono, mkono kwa mkono, siku ile nzima, na siku ya pili mpaka jua la saa saba. Mkono kwa mkono, na hakuna aliyeimba.

Chini kabisa hapakuwa na mifupa. Palikuwa na bamba moja la jiwe, pana, ukingoni mwa jicho la maji. Na juu ya bamba palikuwa na mabonde mawili madogo, yamechimbika kwa miaka mingi. Watu wakainama wakashangaa, ni nini hiki? Senkondo akatazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga magoti, na magoti yake yakaingia sawasawa mle ndani.

"Hapa hakulala mtu," akasema. "Hapa mtu alipiga magoti akafanya kazi."

Akaingiza mikono majini, akavuta jiwe la mwisho, la mviringo, laini. Maji yakamrukia usoni. Watu wakapiga kelele, wanacheka na kulia kwa pamoja, na Senkondo hakuna aliyejua machozi yake ni yapi na maji ni yapi.

Sasa, maji yakiingia kwenye mfereji mkavu hayakimbii. Yanakwenda polepole, yanasukuma majani makavu mbele, yanasimama kunywesha nyufa, yanakwenda tena. Vijana walitangulia mbio. Nambike hakukimbia. Alitembea sambamba na maji, hatua kwa hatua, yakisimama anasimama, yakienda anakwenda, mpaka jioni yalipopita mbele ya mlango wa mama yake na kuingia ndivani.

Nakiete alikuwa amekaa palepale. Lakini nyuma yake nyumba ilikuwa tupu. Hakuna mkeka, hakuna kibuyu, hakuna jembe. Zile siku zote binti yake alipokuwa mlimani, alikuwa akigawa vitu vyake vyote kwa wanaohama, kimyakimya, kimoja kimoja, ili asimpe binti yake shida ya kugawa. Nambike akaona zile kuta tupu, akaelewa, akakaa chini.

Bibi kizee akayatazama maji. Akayasikiliza. Akakohoa.

"Nambike," akasema, "nenda kwa jirani yetu Nanzighe. Mwambie chungu nilichompa naomba anirudishie. Mwambie nimebadili nia."

Na chungu kikarudi. Jembe likarudi. Kibuyu kilichelewa, yule aliyepewa alikuwa amekipenda. Watu wa Kirindwe hawakuhama, na tangu mwaka ule kila mtu alipanda kwa Bibi Namweta mikono mitupu akashuka na jiwe.

Basi, wajukuu zangu, mkiona watu wote wanafanya jambo, msikimbilie kulicheka, huenda lina maana kubwa. Lakini mmoja wenu aulize maana hiyo ni ipi. Na ninyi mkiwa wazee, mkiulizwa na msipojua, msiseme ndivyo ilivyo. Semeni, sijui, twende tukaone.

Hapa nimefika, na hapa natua. Palipopungua pajazeni wenyewe mkizeeka. Haya, leteni hayo mahindi niyaone, na huyo anayejidai amelala aamke.